Guangzhou bila dalali: jinsi ya kutembea mjini bila kupotea



Kuna vijana wa huku Tarime na Sirari wamechoka kununua mzigo kwa bei ya mtu wa tatu. Wanataka waende wenyewe China, waone duka kwa macho yao, warudi na nguo, viatu au spea za simu. Wazo zuri sana. Lakini ukikaa nao wakipiga hesabu, utasikia nauli ya ndege, viza, mtaji na kontena. Swali la "nikifika pale nitatembeaje?" halimo kabisa. Na hapo ndipo hela nyingi hupotelea.

Sababu ni rahisi. Asiyejua kutembea lazima ashikwe mkono, na anayekushika mkono halali njaa. Kama humlipi wewe, analipwa na mwenye duka, na hela hiyo imo ndani ya bei ya mzigo wako. Sisemi madalali wote ni wabaya, wapo waliosaidia watu wengi. Nasema umchague kwa kutaka, siyo kwa sababu huwezi kurudi hotelini bila yeye.

Sisi tumezoea kutembea kwa mdomo. Ukishuka stendi ya Tarime hujui pa kwenda, unamwambia bodaboda, "nipeleke kwa mzee fulani, pale nyuma ya msikiti," na unafika. Kuuliza si ujinga. Sasa Guangzhou ina watu zaidi ya milioni 18 kwa sensa ya 2020, na wengi utakaokutana nao barabarani hawaongei Kiingereza. Hata ukilitaja jina la mtaa, ukikosea mlio kidogo tu linakuwa neno jingine. Kule unauliza kwa MAANDISHI.

Mimi nilijifunza kwa miguu. Safari ya kwanza niliandika jina la barabara kwa herufi zetu, "Huanshi", nikamwonyesha dereva wa teksi. Akatikisa kichwa. Wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu akanichukua, akanishusha Huanshi kweli, ila ya upande mwingine wa mji. Nilikuwa nimeacha neno moja la mwisho! Nilitembea na begi langu mpaka viatu vikanikataa.

Kumbe barabara moja ndefu inakatwa vipande, na kila kipande kina neno la upande wake. Shika haya matano: DONG ni mashariki, XI (tamka "shi") ni magharibi, NAN ni kusini, BEI ni kaskazini, ZHONG ni katikati. Ndiyo, bei kwao ni kaskazini, siyo pesa. Kwa hiyo Huanshi Dong, Huanshi Zhong na Huanshi Xi ni sehemu tatu tofauti, na "lu" inayofuata maana yake ni barabara.

Ukifika hotelini, kabla hujaoga, chukua kadi ya hoteli yenye anwani kwa herufi za Kichina. Moja weka mfukoni, nyingine ipige picha. Fanya hivyo pia kwa kila duka na ghala utakalotaka kurudi. Dereva wa teksi anaonyeshwa kadi, anawasha mita, mnaondoka. Anayekufuata mlangoni mwa uwanja wa ndege akikutajia bei ya mdomo, achana naye.

Kitu cha pili ni treni ya chini ya ardhi, yaani metro. Hii ndiyo rafiki wa mtu mwenye mtaji mdogo. Nauli inaanzia yuan 2, na majina ya vituo yameandikwa kwa Kichina na kwa herufi zetu. Kwenye mashine unagusa kituo unachokwenda, unalipa, unapewa tokeni ya plastiki. Unaigusisha getini ukiingia, na ukitoka unaitumbukiza, kwa hiyo usiipoteze. Mabegi yanapita kwenye mashine ya ukaguzi, usione umeonewa, ni kila mtu. Na usingoje usiku mwingi, maana treni za mwisho ni karibu saa 5 usiku.

Waafrika wengi hufikia Xiaobei au Sanyuanli. Xiaobei iko laini namba 5, Sanyuanli iko laini namba 2, na zote mbili ni kituo kimoja tu kutoka Guangzhou Railway Station. Hapo karibu na stesheni ndipo kuna masoko ya nguo kama Baima na mtaa wa Zhanxi. Kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun unaweza kupanda laini 3, ukabadilisha Jiahewanggang kuingia laini 2, ukashuka Railway Station. Ukitoka chini, angalia herufi ya mlango: A, B, C, D. Mlango ukikosewa unatokea ng'ambo ya barabara pana kama mto Mara.

Halafu jihadhari, stesheni za treni ziko kadhaa. Guangzhou Railway Station siyo Guangzhou East, na Guangzhou South iko mbali kabisa, huko Panyu. Treni nyingi za mwendo kasi zinaondokea South. Soma tiketi neno kwa neno. Saa nazo ni za kizungu: 14:00 ni saa 8 mchana yetu, na China iko mbele yetu kwa saa 5. Geti linafungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, hakuna wa kumwomba "kaka, nisubiri".

Kuhusu simu, Google, WhatsApp, Facebook na YouTube vimefungwa kwenye intaneti ya kule. Usipange kutegemea ramani ya Google. Kabla hujatoka nyumbani, pakua WeChat, Alipay na ramani ya Amap, na waambie wazazi watakupataje. Tangu 2023 imekuwa rahisi zaidi kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat, ukalipa kwa kuskani hata muuza matunda. Jaribu kadi yako mapema. Noti bado ni halali, ila beba ndogo ndogo, chenji ni shida.

Barabarani, magari yanapita KULIA. Sisi tumezoea kuangalia kulia kwanza, kule ukifanya hivyo gari linakuja kushoto. Pikipiki za umeme hazina mlio, na nyingine zinapanda hadi njia ya waenda kwa miguu. Na ukisikia mtu anasema "neige, neige", usikunje ngumi. Ni "ile ile", kama sisi tunavyosema "yaani". Ugomvi wa bure unaweza kukumalizia safari.

La mwisho ni pasipoti. Sheria inataka mgeni atembee nayo na aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli inakuandikisha, lakini ukilala kwa rafiki ni jukumu lako na lake kwenda. Usizidishe siku za viza: faini ni yuan 500 kwa siku, inafika mpaka 10,000, na kuna kifungo cha siku 5 hadi 15. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120. Tanzania ina Ubalozi Mdogo hapo hapo Guangzhou, andika namba yake kwenye KARATASI, maana simu huzimika siku unayoihitaji.

Ushauri wangu: siku ya kwanza usinunue kitu. Toka na kadi ya hoteli, panda metro, nenda sokoni, rudi mwenyewe. Ukiweza hilo, kesho ukiambiwa bei mbaya utaweza kugeuka na kuondoka. Na muuzaji akijua unaweza kuondoka, bei inashuka yenyewe.

Mliokwishafika, ongezeeni niliyosahau. Nawasilisha.