Fundi amekununulia beringi na kuongeza bei: je, ziada ni halali yake?



Shukrani zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba wake.

SWALI: Ndugu yetu mmoja mkazi wa Ukerewe ameuliza. Gari lake la familia lilikuwa linaunguruma tairi za mbele, akalivusha mpaka kwa fundi mmoja wa Buswelu, Mwanza. Fundi akasema beringi zote mbili za mbele zimekufa, akaenda dukani, akarudi nazo na kuzifunga. Hesabu ikaja beringi mbili kwa shilingi 90,000 kila moja, na ufundi shilingi 20,000 kwa kila tairi. Jumla ni 220,000. Akalipa 150,000 na kuahidi kumalizia 70,000. Kabla hajavuka kurudi nyumbani akapita dukani, akaikuta beringi kama ile inauzwa 55,000. Anauliza: je, inajuzu kuizuia ile 70,000?

JIBU: Kwanza tuijue kazi yenyewe, maana ugomvi mwingi wa gereji huanzia kwenye kutoijua.

Beringi ya tairi ni duara la chuma lenye gololi ndani yake. Hubeba uzito wa gari na kuliachia tairi lizunguke kwa wepesi. Huuawa na mashimo ya barabarani, uchakavu, na maji na mchanga vinavyopenya sili ikichoka. Kwa sisi tunaoshuka vivukoni tairi likiwa limegusa maji, jambo hili si geni. Dalili yake ni mngurumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Mara nyingi ukikata kulia mngurumo ukazidi, mshuku wa kushoto, kwani uzito wa gari umelalia huko. Fundi akipiga jeki na kulitikisa tairi, huenda akalikuta linacheza. Apime kila tairi, maana kufa kwa moja si ushahidi kwamba na mwenzake amekufa.

Gharama nazo hutofautiana kwa sababu za kweli. Kuna magari ambayo beringi huja na habu yake nzima ikafungwa kwa nati: kifaa ni ghali, kazi ni nyepesi. Mengine beringi hutolewa na kushindiliwa kwa mashine ya presi, na presi hulipiwa. Kisha kuna orijino, kuna ya kampuni nyingine, kuna mtumba na kuna feki, na zote kwa macho zinafanana. Kwa hiyo bei aliyolipa jirani yako si hoja peke yake.

Sasa hukumu. Fundi anaposema "nitakununulia kifaa", hali yake ni moja kati ya mbili.

Ya kwanza, ni muuzaji. Anakwambia, "Beringi kwangu ni 90,000," nawe unakubali. Hapo anauza mali yake, nayo halali yake ni faida, hata kama yeye kainunua kwa 55,000, maadamu hakudanganya wala kuficha aibu ya kifaa. Lakini sharti awe anaimiliki kwanza kabla ya kukuuzia, asiuze kisichokuwa mkononi mwake.

Ya pili, ni wakili wako. Umemtuma akununulie, naye anakuletea hesabu ya dukani. Wakili ni mtu wa amana. Malipo yake ni yale mliyokubaliana, na punguzo lolote alilopewa dukani ni lako wewe uliyemtuma. Katika Sahih al-Bukhari imepokewa habari ya Urwa al-Bariqi, ambaye Mtume (s.a.w.) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari yake. Hakuitia mfukoni. Mtume akamuombea baraka katika biashara zake. Basi anayetaja bei ya dukani isiyokuwa ya kweli amekula mali ya mwenzake kwa batili, na anaingia katika onyo la Mtume alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji uliofichwa chini, akajitenga na mwenye kudanganya, kama ilivyo katika Sahih Muslim.

Tukirudi kwa ndugu yetu: tofauti ya bei ni 35,000 kwa kila beringi, jumla 70,000, sawasawa na deni. Hapo shetani humwambia mtu, "Mmelipana." Asiharakishe. Ikiwa fundi alimtajia 90,000 kama bei yake naye akaridhia, deni ni deni, na kulizuia ni dhulma. Ikiwa alimtuma, na ikathibiti kwamba dukani ililipwa 55,000, basi haki ya fundi ni 110,000 za vifaa na 40,000 za ufundi. Hizo ni 150,000, na amekwisha kuzilipa.

Lakini neno "ikathibiti" ni zito. Beringi aliyoiona huenda ni ya aina nyingine au ubora mwingine. Dhana haihalalishi mali ya mtu. Ampigie simu kwa adabu, aulize ilinunuliwa duka gani na risiti iko wapi. Wakikubaliana, alhamdulillah. Wakishindwa, wakae mbele ya mtu wanayemwamini wote wawili. Kukaa kimya na pesa huku fundi anasubiri haifai, kwani imepokewa katika al-Bukhari kwamba Allah Mwenyewe ni hasimu, Siku ya Kiyama, wa anayemtumikisha mtu kisha asimpe ujira wake.

Kwa familia nyingine, tunausia haya:

1. Kubalianeni kabla spana haijashikwa: bei ya kifaa, ufundi, presi, na nauli ya kwenda dukani.
2. Semeni wazi kama fundi anauza au ametumwa. Akiwa ametumwa, mlipeni kwa safari yake. Mafundi wengi huongeza bei ya kifaa kwa sababu mteja haoni ugumu wa kazi yao.
3. Ombeni beringi ya zamani. Ni mali yenu, na ndiyo ushahidi.
4. Kifaa kikiwa na aibu iliyokuwapo tangu dukani, mna haki ya kukirudisha. Kikiharibiwa na fundi kwa uzembe, kama kukigonga kwa nyundo badala ya kukishindilia sawasawa, fundi anadhamini. Asipozembea, kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kuwa hadhamini.
5. Msiahirishe. Beringi iliyokufa ikiachwa, tairi huweza kukwama au kulegea mwendoni, na ndani mna watoto mnaowapeleka madrasa. Pesa ikiwa bado, gari lipumzike na mpande daladala, wala msikimbilie mkopo wa riba.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.