Serie B ya Italia na Watu wa Visiwani

Wapenzi wa kandanda wa hapa visiwani huyajua majina ya Juventus, Milan na Inter kama wayajuavyo majina ya timu za mitaa yao. Ni wachache miongoni mwao, hata hivyo, waliopata kujishughulisha na yale yatendekayo chini ya timu hizo, katika daraja la pili la Italia liitwalo Serie B. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwani mtu atakaye kujua namna nchi ile inavyoendesha michezo yake, na namna watu wake wa pembezoni wanavyotendewa, atapata elimu kubwa zaidi huko chini kuliko huko juu.

Serie B ilianza katika msimu wa 1929-30, siku moja na Serie A. Kabla ya hapo ubingwa wa Italia ulichezwa kwa makundi, na nguvu zote zilikuwa kaskazini. Mwaka 1926, chini ya utawala wa Mafashisti, ulitolewa waraka katika mji wa Viareggio uliopanga upya mchezo wote, ukaziweka timu za Roma na Napoli pamoja na zile za kaskazini, na wakati huo huo ukawafungia mlango wachezaji wa kigeni. Mpango huo ndio uliozaa, baada ya miaka mitatu, ligi moja ya nchi nzima ambamo kila timu hukutana na kila timu, nyumbani na ugenini, na chini yake daraja la pili la timu 18. Timu mbili za kwanza kupanda zilikuwa Casale na Legnano. Casale ilikwisha kuwa bingwa wa Italia mwaka 1914, na sasa ilikuwa inaomba kuingia mlangoni.

Haikupita miaka mingi daraja hilo likaanza kuwapokea wakubwa. Genoa, yenye ubingwa mara tisa, iliteremka mwaka 1934. Pro Vercelli, yenye ubingwa mara saba, ilifuata mwaka 1935, na tangu siku hiyo haijaonekana tena katika Serie A. Roma nayo iliteremka mwaka 1951, ikakaa msimu mmoja, ikarudi. Katika timu zote zilizoanza Serie A mwaka 1929, ni Inter peke yake ambayo haijapata kushuka.

Lakini habari ambayo sisi watu wa visiwani tungepaswa kuisoma kwa makini zaidi ni ile ya Cagliari, mji mkuu wa Sardegna. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 watu wa bara la Italia walikiona kisiwa hicho kuwa ni mahali pa kumpeleka askari au mtumishi wa serikali aliyekosea. (Wasomaji wetu walio katika utumishi wataelewa bila ya kufafanuliwa.) Mwaka 1963 kijana mmoja kutoka Lombardia, Gigi Riva, yatima, alinunuliwa kutoka Legnano akaletwa Cagliari, iliyokuwa ikicheza Serie B. Hakupenda kuja. Kwake yeye kisiwa kilikuwa sawa na kifungo. Msimu mmoja tu baadaye, mwaka 1964, timu ilipanda Serie A kwa mara ya kwanza katika historia yake, naye Riva akabaki. Juventus ilimtaka kwa fedha nyingi, akakataa. Watu wa Sardegna hawakulisahau hilo, maana walizoea kuona kila kilicho kizuri kikipakiwa melini kupelekwa bara.

Tarehe 12 Aprili 1970, katika uwanja mdogo wa Amsicora, Cagliari iliifunga Bari mabao mawili kwa bila na kuwa bingwa wa Italia. Katika michezo 30 ya msimu huo ilifungwa mabao 11 tu, na Riva alikuwa mfungaji bora wa ligi. Hakuna timu ya kusini wala ya visiwani iliyopata kufika hapo kabla yake. Miaka sita iliyotangulia ilikuwa daraja la pili. Miaka sita iliyofuata, mwaka 1976, ilirudi huko huko, kwani Riva aliumia na mkoba ulikuwa mwepesi.

Sasa tuje kwenye upande wa aibu. Mwaka 1980 iligundulika kuwa wachezaji na viongozi wamekuwa wakiuza michezo kwa ajili ya kamari. Milan na Lazio ziliteremshwa kwa hukumu. Milan ilipanda, ikashuka tena mwaka 1982, safari hii kwa miguu yake yenyewe bila ya kusukumwa na hakimu. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Juventus, ambayo viongozi wake walionekana kuwaingilia wapangaji wa waamuzi. Ilinyang'anywa ubingwa wa misimu miwili, ikapelekwa Serie B na kukatwa pointi 30, ambazo baada ya rufaa zilipunguzwa zikawa 17, kisha 9. Mtu anaweza kuuliza ni rufaa gani hiyo ihesabuyo kama muuza samaki jioni. Hata hivyo adhabu ilitekelezwa. Tarehe 9 Septemba 2006 Juventus ilicheza mchezo wake wa kwanza wa daraja la pili katika mji wa Rimini, ikatoka sare ya bao moja kwa moja. Buffon, Nedved na Del Piero hawakukimbia, na msimu ulipokwisha timu ilirudi juu.

Viongozi wa michezo nao hawakuwa safi katika kazi yao. Mwaka 2003 Catania ya Sicilia ilishuka daraja, ikalalamika kuwa Siena ilimchezesha mtu asiyestahili kucheza. Kesi ilitoka kamati hadi kamati, ikafika katika mahakama za serikali, mpaka serikali yenyewe ikatoa amri ya dharura. Uamuzi wa mwisho ulikuwa kwamba asishuke mtu: Serie B ikaongezwa ikawa timu 24. Cosenza iliposhindwa kwa ukata, nafasi yake ikapewa Fiorentina, iliyotoka daraja la nne baada ya kufilisika, ikarukishwa juu ya wengine waliosubiri zamu. Timu nyingine zilipinga, na sisi tunaona zilikuwa na haki. Kosa la makarani lililipwa na wachezaji waliokwisha kushinda au kushindwa uwanjani.

Cagliari imeendelea kupanda na kushuka. Mwaka 1988 ilikuwa daraja la tatu ilipomchukua mwalimu kijana aitwaye Claudio Ranieri. Mwaka 1990 ilikuwa Serie A. Ranieri aliirudia akiwa na umri wa miaka 71, timu ikiwa tena Serie B, na tarehe 11 Juni 2023 aliipeleka Bari kwenye mchezo wa mwisho wa kuwania kupanda. Sare ingewatosha wenyeji. Katika dakika ya 94 Leonardo Pavoletti akafunga. Riva aliishi hadi kuiona timu yake ikicheza juu kwa nusu msimu; alifariki mjini Cagliari Januari 2024, hakuwa amehama.