Wasizidi Kumi na Wawili

Wanangu, kwetu mtu akifa hakuna kadi ya mwaliko. Habari ikishafika, majembe yanatafutwa, sanda inanunuliwa, na hata jirani aliyekuwa amenuniana na marehemu huja akaketi mkekani. Sasa nitawasimulia habari za makaburi ambayo wenye wafu wao walizuiwa kuyafikia, tena mara mbili, na baina ya mara hizo mbili ilipita miaka zaidi ya 200.

Makaburi hayo yako New York, Marekani. Zamani zile New York ilikuwa mji mdogo kwenye ncha ya kisiwa cha Manhattan, na watumwa walikuwa wengi. Walitoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola, na wengine Madagaska, huku kwenye bahari yetu. Walipakua meli, walijenga barabara, walipika, walilea watoto wa mabwana. Ila wakifa, hawakutakiwa kulala karibu na mabwana. Mwaka 1697 kanisa la Trinity lilipiga marufuku Waafrika kuzikwa katika uwanja wake. Basi wakawa wanazika nje ya mji.

Hata huko hawakuachwa. Mwaka 1712 watumwa walikuwa wameasi, na tangu hapo kila walipokusanyika watu weusi, mabwana walihisi njama. Mwaka 1722 ikatoka amri kwamba watumwa wazikwe mchana, si usiku. Mchana ni wakati wa kazi, na mtumwa hana ruhusa ya kuacha kazi. Mwaka 1731 ikaongezwa nyingine: waombolezaji wasizidi 12. Na mtumwa aliyetaka kwenda mbali zaidi ya maili 1 na nyumbani kwa bwana wake ilimlazimu kuwa na hati ya ruhusa.

Hebu hesabuni. Bibi amefariki. Ndugu na majirani wanane wamekwisha kuhesabiwa. Zimebaki nafasi nne. Binti zake wawili hao, wanazijaza mbili. Nani tena? Mjukuu aliyelala naye kitanda kimoja? Mzee anayejua maneno ya kumuaga marehemu kwa lugha ya kwao? Au yule rafiki aliyepanda naye meli moja kutoka Afrika, wa pekee anayekumbuka jina lake la utotoni? Huyo wa kumi na tatu abaki jikoni akiosha vyungu vya watu.

Halafu wakaja wezi. Wanafunzi wa udaktari walihitaji maiti za kujifunzia, wakawa wanafukua makaburi ya Waafrika usiku. Februari 1788 watu weusi, huru na watumwa pamoja, waliliandikia baraza la mji malalamiko kuhusu jambo hilo. Hayakushughulikiwa. Muda si muda ikasikika kwamba mwili wa mwanamke mzungu nao umeibwa, kutoka uwanja wa Trinity. Aprili mji ukalipuka kwa ghasia, watu wakauawa, na mwaka uliofuata sheria ya kuzuia wizi wa maiti ikapitishwa. Mimi nikisoma habari hii huwa narudia tarehe hizo mara mbili.

Mwaka 1794 makaburi yalifungwa. Bonde yalimokuwamo likafukiwa kwa udongo, mahali pengine kina cha mita 7, viwanja vikauzwa, maduka yakajengwa juu. Mji ukasahau. Ramani hazikusahau: ile ya mwaka 1755 inayaonyesha makaburi waziwazi.

Mwaka 1991 serikali ya Marekani ilitaka kujenga ofisi ya ghorofa 34 hapo Broadway. Wataalamu waliiona ramani, wakasema misingi ya majengo ya zamani itakuwa imekwisha kuharibu kila kitu. Wakachimba. Wakakuta mifupa, na majeneza yaliyooza, safu kwa safu, kwa sababu ule udongo wa kufukia bonde uliwahifadhi wafu.

Wazao wao wakaja mbio. Wakasimama nje ya uzio wa ujenzi. Walitaka kuingia, waone, waombe dua, waulize mifupa inapelekwa wapi na nani ataichunguza. Mwanzo walijibiwa kama watu waliopotea njia. Mapema mwaka 1992 mashine ya kuchimba iliharibu makaburi kadhaa, na hapo hasira ikapanda: maandamano, ngoma, mikesha. David Dinkins, meya wa kwanza mweusi wa mji huo, akataka uchimbaji usimame. Mbunge Gus Savage akawaita maofisa wajieleze. Uchimbaji ukasimama, na Oktoba bunge likatunga sheria ya kuinusuru sehemu iliyobaki. Msidanganywe na anayesema serikali iliamua kwa huruma yake. Ni wale wa uzioni.

Mabaki ya watu 419 yalipelekwa Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington, kwa mtaalamu Michael Blakey. Mifupa ya shingo na migongo ilionyesha mizigo iliyowaelemea. Kati ya wale ambao umri wao uliweza kujulikana, zaidi ya 4 katika kila 10 walikuwa watoto. Palikuwa na mwanamke mmoja, meno yake yamechongwa, kiunoni ana mkufu wa shanga zaidi ya 100 na simbi. Hapo mama zenu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Watu walimvika, wakamfunika, wakamshusha kaburini, na amri zote zile zikiwapo.

Oktoba 2003 walirudishwa wote 419, kila mmoja katika jeneza lililochongwa Ghana, mengine madogo sana. Msafara ulipita mji baada ya mji, na safari hii aliyetaka alikuja. Mwaka 2006 mahali pale pakatangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la taifa, na mwaka 2007 likafunguliwa jengo la kumbukumbu lililobuniwa na Rodney Léon. Kuingia ni bure. Ila jumba la maonyesho limo ndani ya ile ile ofisi ya serikali, kwa hiyo mgeni hupekuliwa na mkoba wake hupitishwa kwenye mashine kabla hajafika kwa wahenga wake. Wapo wasioona tatizo. Mimi naona maonyesho yangestahili mlango wake.

Na hao 419 ni wachache. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliozikwa pale ni kama 15,000. Wengi wao bado wako chini ya barabara na maofisi, na wazao wao hawawezi kuwafikia mpaka kitu kibomolewe.