Mama aliyetolewa titi apone namna gani?

Mama, kama munganga amekutoa titi sababu ya kansa, ngozi inafungika mbele ya mwili kupata nguvu. Hapo wengi wanajidanganya. Hapa Baraka mama anarudia bidoni ya maji ya ziwa. Kule Fizi anashusha kitunga cha mihogo toka mlimani. Hapana! Ngoja majuma 6.

Lakini mkono usilale kabisa. Toka siku ya pili fungua na funga vidole, chana nywele. Bila hivi bega linakauka. Kama walitoa tezi za kwapani, mkono ule unaweza kuvimba hata kisha miaka mingi. Uchunge na jembe na moto.

Kwingine waganga wanatengeneza titi jipya kwa ngozi na mafuta ya tumbo. Njia hiyo ilianza kujulikana mwaka 1982. Mama huyo ana vidonda viwili. Siku za kwanza anatembea akiinama, na akikohoa anashikia tumbo mto. Titi likigeuka jeusi ama baridi, arudi siku ile ile.

Homa, usaha ama harufu mbaya, usingoje siku ya kliniki. Na bwana asomewe haya, maana ni yeye atakayeteka maji.