Yaliyofuata Baada ya Osirak

Jua lilikuwa likielekea kuzama tarehe 7 Juni 1981 ndege nane za F-16 za Israeli zilipofika Tuwaitha, kusini-mashariki mwa Baghdad. Zilikuwa zimevuka jangwa la Saudi Arabia zikiruka chini chini kukwepa rada. Ndani ya dakika mbili hivi, Osirak, kinu cha nyuklia ambacho Iraq ilikinunua Ufaransa, kilikuwa kifusi. Wairaki kumi na Mfaransa mmoja walikufa.

Siku 12 baadaye Baraza la Usalama, Marekani ikiwemo, lililaani shambulio hilo kwa kauli moja. Hata hivyo, hadi leo wapo wanaolitaja kama mfano wa kuigwa: hasimu akinyemelea bomu, mwahi kabla hajalipata.

Wanaosema hivyo huishia kwenye kifusi. Mwaka huohuo Saddam Hussein alimtoa kizuizini mwanafizikia Jafar Dhia Jafar, naye akaongoza kazi ya kurutubisha urani kwa siri. Osirak ilijulikana, Wafaransa walifanya kazi pale, na wakaguzi wa kimataifa waliingia. Mradi mpya haukuwa na mgeni wa kuuchungulia. Ulifichuka baada ya Vita vya Ghuba tu. Mwezi Juni 1991, karibu na Fallujah, wakaguzi wa Umoja wa Mataifa waliona malori yakitoroka kambini yamebeba mitambo mikubwa ya sumaku ya kurutubishia urani. Wakayafukuzia kwa gari huku wakipiga picha, na askari wa Iraq wakafyatua risasi hewani. Bomu lilibomoa jengo, lakini utaalamu ulibaki, na nia ikazidi kuwa kali.

Marekani ilipima uamuzi kama huo mwaka 1994, kuhusu kinu cha Yongbyon cha Korea Kaskazini. Waziri wa Ulinzi William Perry alikuwa na mpango wa mashambulizi mkononi. Kizuizi kilikuwa Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini: mamilioni ya watu, kilomita 50 hivi kutoka mpakani, mizinga ya Kaskazini ikiwaelekea. Rais wa zamani Jimmy Carter akaenda Pyongyang kuzungumza na kiongozi wa Kaskazini, Kim Il Sung, na Oktoba makubaliano ya kukisimamisha kinu hicho yakatiwa saini Geneva. Kwa miaka minane Yongbyon ilisimama mbele ya macho ya wakaguzi. Ni kweli, makubaliano yalivunjika, na mwaka 2006 Korea Kaskazini ikafanya jaribio lake la kwanza la nyuklia. Wakosoaji wana haki ya kulikumbusha hilo. Lakini Seoul haikuteketea.

Iran nayo ilifungwa na mkataba wa nyuklia wa 2015, urutubishaji usizidi asilimia 3.67. Marekani ilijitoa mwaka 2018, na kufikia 2021 Iran ilikuwa imepanda hadi asilimia 60. Juni 2025 Israeli, kisha Marekani, zikaishambulia. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, wakati huo Iran ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za urani ya kiwango hicho. Julai ikasitisha ushirikiano na shirika hilo, wakaguzi wakaondoka, na miezi ikapita bila mtu wa nje kuthibitisha shehena hiyo iko wapi.