Kwa nini diski husomeka kwenye tarakilishi moja na kugoma kwenye nyingine

HAKUNA ujumbe unaowahadaa watumiaji wa tarakilishi kama ule unaojitokeza kwenye skrini ya Windows pindi diski iliyotoka katika tarakilishi ya Apple inapochomekwa: kwamba ni sharti diski hiyo ifomatiwe kabla ya kutumika. Asiyejua maana yake hubofya kukubali, akidhani kuwa anaikarabati. Kumbe anaifuta sajili nzima ya yaliyomo, yawe ni picha za arusi, tasnifu ya miaka mitatu au hesabu za chama cha akiba na mikopo.

Aghalabu diski hiyo huwa haina hitilafu yoyote. Ni kwamba tu iliandikwa kwa utaratibu ambao Windows haiufahamu. Utaratibu huo ndio unaoitwa mfumo wa faili.

Data kwenye diski haikai kama karatasi ndani ya bahasha. Hukatwakatwa vipande na kutawanywa kwenye maelfu ya vyumba vidogo, kisha sajili ikaandikwa kuonyesha ni vyumba vipi vyenye faili ipi, jina lake, tarehe yake, na ni vyumba vipi vilivyo vitupu. Mfano wake ni maktaba ambayo orodha yake ya vitabu imeandikwa kwa hati asiyoijua mkutubi mpya. Vitabu vyote vimo rafuni, lakini yeye atawaambia wasomaji kuwa maktaba haina kitu.

Kila kampuni iliunda sajili ya kukidhi haja zake. Microsoft ilileta NTFS mnamo 1993. Apple ilitumia HFS+ kuanzia 1998 kabla ya kuhamia APFS mnamo 2017. Watumiaji wa Linux nao wengi wamezoea ext4, iliyokamilika 2008. Hapakuwa na aliyemfikiria mwalimu wa Kenya anayetayarisha mitihani kwenye Windows nyumbani, akaipeleka katika maabara ya shule inayotumia Ubuntu kwa kuwa haina ada ya leseni, kisha akampa diski hiyohiyo mpigapicha wa studio mwenye tarakilishi ya Apple ili amtilie video ya siku ya kutuza wanafunzi.

Kwa miaka mingi lugha ya wote ilikuwa FAT32, iliyozinduliwa 1996. Tunaweza kuifananisha na lugha ya sokoni, ambayo kila mtu huielewa ingawa haifai kwa kila shughuli. Windows, Apple na Linux huisoma na kuiandika. Redio za magari, runinga za zamani na mashine za kuchapisha picha huikubali hata zinapoikataa mifumo mingine. Kasoro yake kuu ni kwamba faili moja haiwezi kuzidi gigabaiti 4. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: diski ina nafasi ya gigabaiti 500, faili ina gigabaiti 6, na bado tarakilishi inasisitiza kuwa faili ni kubwa mno. Tarakilishi haisemi uongo. Nafasi ambayo sajili ya FAT32 hutenga kwa ajili ya kuandika ukubwa wa faili haitoshi kuandika tarakimu inayozidi baiti 4,294,967,295.

Enzi za nyaraka na nyimbo, kikomo hicho hakikumkera yeyote. Leo video ya ubora wa 4K inayorekodiwa kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hukifikia kabla ya dakika 6 kutimia. Ndiyo sababu kamera zinazotumia FAT32 huikata hotuba moja ndefu kuwa faili kadhaa.

Je, basi tutumie NTFS? Mfumo huo ni thabiti na hauna kikomo hicho cha ukubwa. Linux imeweza kuuandika kwa miaka mingi. Tatizo ni Apple, ambayo tarakilishi zake husoma diski ya NTFS lakini haziandiki chochote juu yake bila programu ya ziada, na nyingi za programu hizo ni za kununua. Mhariri wa video ataziona faili zako na kuzinakili, lakini hataweza kukurudishia kazi iliyokamilika kwenye diski ileile. Kinyume chake ni kibaya zaidi: Windows yenyewe haiisomi APFS wala HFS+, na kwa kawaida haiisomi ext4.

Jawabu la wengi ni exFAT. Microsoft iliiunda mnamo 2006, na mwaka wa 2009 ikateuliwa kuwa mfumo wa kadi za kumbukumbu za aina ya SDXC, zile zenye zaidi ya gigabaiti 32. Apple iliikubali 2010. Linux ilikawia kwa sababu ya hataza, hadi Microsoft ilipochapisha maelezo yake hadharani Agosti 2019. Miezi michache baadaye exFAT ikaingizwa katika kiini cha Linux. Kwa hivyo diski inayozunguka kati ya tarakilishi za aina hizi tatu, na hasa inayobeba faili kubwa, ningeifomati kwa exFAT bila kusita.

Hata hivyo, wauzaji hawaelezi udhaifu wake. NTFS, HFS+ na ext4 huwa na daftari la shughuli: kabla ya kubadilisha sajili, mfumo huandika kwanza unachokusudia kufanya. Stima ikikatika katikati, tarakilishi husoma daftari hilo na kuinyoosha sajili. APFS hufikia lengo hilohilo kwa kutoandika juu ya sajili ya zamani hadi mpya ikamilike. exFAT na FAT32 hazina kinga kama hiyo kwenye tarakilishi zetu. Waya ukichomolewa wakati sajili inaandikwa, inaweza kubaki nusu ya zamani, nusu mpya. Katika nchi ambamo stima hupotea bila taarifa, hilo si jambo la kupuuza. Bofya kitufe cha kutoa diski kwa usalama, kisha usubiri uruhusiwe, hata kama mwenye diski amesimama mlangoni akikuharakisha.

Pana jingine linalowahusu wenye faili nyingi ndogondogo. Kwenye diski kubwa, exFAT hutenga vyumba vya kilobaiti 128 kila kimoja isipoagizwa vingine, ilhali vya NTFS huwa vya kilobaiti 4. Faili 10,000 za kilobaiti 2 kila moja zitakalia takriban gigabaiti 1.28 kwenye exFAT, na megabaiti 40 pekee kwenye NTFS. Kwa sababu hii, na ile ya daftari la shughuli, diski ya akiba isiyotoka kwenye tarakilishi yake haina haja ya exFAT. Iachie mfumo wa nyumbani kwake. Nazo tarakilishi za ofisi moja zilizounganishwa kwa mtandao hazihitaji kuzungushiana diski hata kidogo, kwani ile inayoimiliki ndiyo huisoma na kuwapa wenzake faili.

Kubadilisha mfumo karibu kila mara ni kufuta. Windows inaweza kuigeuza FAT32 kuwa NTFS pasi na kupoteza faili, lakini hairudi nyuma, na exFAT haimo katika mpango huo. Nakili kila kitu kwingineko kwanza, ufungue faili mbili tatu kuhakikisha kuwa nakala ni nzima, ndipo ufomati.

Na aliyekwisha kubofya kukubali? Asiandike chochote tena kwenye diski hiyo. Ufomatishaji wa haraka huandika sajili mpya iliyo tupu, lakini sehemu kubwa ya data husalia vyumbani mwake, na zipo programu za kuitafuta chumba kwa chumba. Kila faili mpya inayonakiliwa humo hukalia chumba ambacho huenda kilikuwa na cha kuokolewa. Kwa diski zisizo na sahani inayozunguka matumaini ni haba, kwa kuwa nyingi huelezwa na tarakilishi kuwa vyumba vimeachwa, nazo huanza kuvisafisha zenyewe.