Gesi ya kisimani haisukumi mafuta ya jirani

Tangu uchimbaji wa visima uanze Kingfisher, upande wa Uganda, mwaka 2023, sipiti Komanda, huku kwetu Kongo, bila kuulizwa: "Papa Injenieri, Waganda wakipiga gesi kwenye visima vyao, si mafuta yetu chini ya Ziwa Albert yatasukumwa mpaka kwao?"

Hapana. Na nimechoka kulijibu swali hilo.

Gesi ya kuinulia mafuta haiingii mwambani. Inateremshwa katika nafasi iliyo kati ya bomba la nje na bomba la ndani, inapenya kwenye vali, inachanganyika na mafuta yaliyomo bombani, kisha inapanda nayo. Kazi yake ni kuyapunguzia uzito tu. Ndoo ya maji humchosha mtoto. Ndoo ya povu anaikimbiza. Kinachosukuma ni presha ya mwamba wenyewe. Anayetaka kusukuma mafuta huko mwambani huchimba kisima kingine cha kuingizia maji au gesi, na hilo halihusiani na vali hizi.

Imani hiyo imezaa nyingine mbaya zaidi, na hii nimeisikia hata kwa watu wenye diploma: kisima kikilegea, ongeza gesi. Mpaka kiwango fulani, sawa. Ukikipita, gesi inajaza bomba, msuguano unakua, presha ya chini inapanda na mafuta yanapungua huku kompresa ikila mazuti bure. Tena mara nyingi ugonjwa uko kwenye vali: mchanga umeikwangua, chumvi imeiziba, au, kati ya vali zilizopangwa juu hadi chini, ya juu imekwama wazi. Hiyo ya juu ikivuja, gesi inatokea pale pale, na safu yote ya mafuta iliyo chini yake inabaki nzito. Mwaga gesi utakavyo, unalisha tundu.

Dawa ni kubadili vali, wala si lazima kung'oa mabomba. Juu ya jukwaa la baharini, mtambo wa kung'olea ni gharama ya kutisha. Waya wa chuma wenye unene wa milimita 3 hivi na mafundi wachache wanatosha. Pima kwanza kama njia ni wazi, kwangua nta. Weka kikombe cha kudaka chini, vali isije ikatumbukia. Sawazisha presha ndani na nje ya bomba, la sivyo vifaa vitarushwa juu na waya ujisokote. Teremsha chombo cha kupindia mpaka kwenye mfuko wa pembeni unaoshika vali, ing'oe kwa kugongesha vyuma, panda nayo, rudi na mpya. Huna mpya? Weka kizibo. Kisima kimelala zaidi ya nyuzi 60 hivi kutoka wima? Uzito hautavuta waya. Tafuta trekta ya kisimani au bomba la kukunja. Visima vinavyochimbwa kutoka ufukweni kwenda chini ya ziwa, kama vya Kingfisher, hulala hivyo.

Sasa swali mlilopaswa kuuliza. Mwamba ukivuka mpaka, anayetoa kwanza anashusha presha ya wote wawili, atumie gesi au asitumie. Hilo lina karatasi: mwaka 2007, Ngurdoto, Arusha, marais Kabila wa Kongo na Museveni wa Uganda walisaini makubaliano yanayogusa mafuta ya mpakani. Muulizeni mbunge wenu yamefikia wapi.